Mabati 24: hesabu ya moyo wa mdogo wangu

Nina kauntabuku la kwaya mbili lenye hesabu za aina mbili. Ukilifungua mbele unakuta karoti: tenga ngapi zimetoka kwetu Soni, milimani Usambara, ngapi zimefika Kariakoo, dalali kakata kiasi gani, wapakizi wamelipwa nini. Ukiligeuza ukaanzia nyuma unakuta moyo wa mdogo wangu. Mstari wa kwanza wa upande huo niliuandika Agosti 2017, saa tisa usiku, kwa mwanga wa simu: "Boda, Zaituni, kituo cha afya, 5,000."

Zaituni silo jina lake. Namba zilizomo humu ni zake, na ameniruhusu kuzitoa.

Niliandika kwa mazoea tu. Mtu anayeishi kwa mboga akikaa siku tatu bila kuandika, hajui tena kama anauza au anagawa. Nilifikiri nitaandika nusu ukurasa, apone, kisha sisi ndugu tukae tugawane deni. Mistari ile imefika kurasa 31 na bado naendelea.

Zaituni alikuwa fundi cherehani pale sokoni Soni. Alikuwa na vyerehani viwili na mabinti watatu aliokuwa akiwafundisha, na kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule. Kuanzia Novemba mpaka Januari humpati kwa maongezi. Alikuwa na miaka 26, ujauzito wake wa kwanza ulikuwa na miezi saba, na kile kilima cha kwenda kwa mama, ambacho tangu utoto tulikuwa tunakipanda mbio, akawa anasimama mara nne njiani. Tukasema ni mimba. Miguu ikavimba, tukasema ni mimba. Akaanza kulala ameketi, ameegemea gunia la vipande vya vitambaa, kwa sababu akilala chali anahisi anazama. Usiku ule wa Agosti alikohoa povu lenye wekundu kwa mbali, ndipo tukaita boda.

Kituo cha kwanza walimtibu pumu. Wiki iliyofuata wakamtibu nimonia. Sikuandika haya ili nigombane na mtu. Wale walitibu walichokijua kwa vifaa walivyokuwa navyo. Tulipofika hospitali ya mkoa, Tanga, daktari mmoja kijana aliweka kifaa chake kifuani kwa Zaituni, akanyamaza. Akamwambia alalie ubavu wa kushoto, akasikiliza tena, muda mrefu mpaka mimi nikaogopa. Kisha akaandika kipimo cha eko, yaani picha ya moyo. Majibu yalipotoka alinichorea kwenye kipande cha karatasi: moyo, vyumba vinne, na kati ya viwili vya kushoto mlango mdogo. Vali. Ya Zaituni ilikuwa imekakamaa na kushikana pembeni, damu inapita kwa kujibanza, inarudi nyuma mpaka kwenye mapafu. Kile alichokuwa akikisikia usiku, kwamba anazama, kilikuwa kweli.

Mtoto alizaliwa kwenye wiki ya 34 akaishi. Ana jina la babu yake, na sasa anasoma.

Kabla sijaingia kwenye hesabu, niseme ilivyokuwa kwenye bima, maana ndiyo watu huniuliza kwanza. Tulikuwa na kadi ya CHF ya kaya, ile ya mfuko wa afya ya jamii. Kadi ile ilikuwa na nguvu kwenye vituo vya karibu nasi; tuliposhuka mlima ikabaki karatasi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023, na mimi ni mmoja wa wanaoingoja ifike mpaka kwa wabeba tenga. Sisi tulikuwa 2017.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam Mei 2018, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Taasisi ile imeanza 2015. Kabla ya hapo wagonjwa wachache wa aina ya Zaituni, waliopata wa kuwalipia, walipelekwa India, na wengi wa waliobaki walirudi nyumbani na Lasix, dawa ya kupunguza maji mwilini. Nikifikiria kwamba angeugua miaka mitano kabla, mkono unaniishia nguvu. Watu wa ustawi wa jamii walikaa na sisi, wakaangalia barua ya mtendaji wa kijiji, wakatusamehe sehemu kubwa. Wakamtolea vali yake, wakamwekea ya chuma.

Kwa hiyo, hospitali. Ukijumlisha eko, vipimo vya damu, dawa, siku za kulazwa na sehemu ya upasuaji iliyobaki kwetu, tulilipa Sh4,350,000. Kwa mtu wa Soni hiyo ni pesa nyingi. Mtu yeyote anayetuuliza "mlitumia shilingi ngapi?" anataka kusikia namba hiyo, na kwa mwaka mzima mimi pia nilikuwa naitaja hiyohiyo.

Siku moja mwaka 2019 nilikaa na daftari, mvua imekata barabara ya Mombo, gari halishuki, nikaanza kujumlisha mistari mingine. Nauli za wagonjwa na wauguzaji kwenda Tanga na Dar, kulala, kula, vocha: Sh2,180,000. Zaituni alikuwa akibakiwa na kama Sh250,000 kwa mwezi baada ya kutoa uzi, vitambaa na kodi ya kibanda. Hakushona kwa miezi 22. Hiyo ni Sh5,500,000. Mimi nilikosa msimu mmoja wa karoti kwa sababu nilikuwa kwenye benchi la hospitali wakati wenzangu wanafunga mzigo: Sh1,900,000, nikilinganisha na msimu wa nyuma yake. Baba aliuza ng'ombe wawili. Hapa nilisita kidogo. Ng'ombe akiuzwa si gharama, ni pesa imebadilika sura. Lakini aliwauza ndani ya siku mbili, kwa Sh1,150,000, wakati mnada wa wiki mbili mbele wangempa Sh1,600,000. Zile Sh450,000 zilizopotea kati ya haraka na subira ni gharama, nikaziandika.

Jumla ya mambo hayo ambayo si hospitali ni Sh10,030,000. Ukiweka yote pamoja, hospitali haikufika theluthi.

Na bado sijaweka maziwa. Mmoja wa wale ng'ombe alikuwa anatoa lita 6 kwa siku, na lita ilikuwa Sh800. Ni Sh144,000 kwa mwezi ambazo ndizo zilikuwa zikinunua sukari, sabuni na madaftari ya wadogo zetu. Baba hakusema neno. Niliona tu kwamba chai ya asubuhi imekuwa ya rangi.

Shemeji yangu alikuwa dereva wa bodaboda, pikipiki ya mkataba. Anayeijua kazi ile anajua: unampelekea tajiri hesabu yake kila siku kwa mwaka, na mwaka ukiisha pikipiki inakuwa yako. Yeye alikuwa ameshalipa miezi saba. Miezi miwili ya kumuuguza mke, hesabu ikalala, tajiri akachukua chombo chake. Sheria ya mkataba ndivyo ilivyo na tajiri naye alikuwa na deni lake la kulipa. Ile miezi saba haikurudi. Shemeji akaanza kubeba tenga, kwa kutwa, wakati mwingine tenga zangu.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa kidato cha tatu. Hakuna aliyemwambia aache shule. Mama alikuwa Dar kwa Zaituni, kichanga kipo nyumbani, na mtu wa kukiangalia hayupo. Ilianza wiki moja. Mwalimu alikuja mara mbili. Ilipofika Julai alikuwa ameshavua sare, amempa binti wa jirani.

Haya yote ni ya nyumbani kwetu, na mtu anaweza kusema ndivyo ugonjwa ulivyo, kila nyumba na mzigo wake. Nami nilifikiri hivyo mpaka nilipokwenda kumlipia Zaituni deni la VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana.

Kikundi chao kilikuwa na akina mama 25. Zaituni alikuwa amekopa Sh600,000 ya kununulia cherehani ya pili, akarejesha Sh180,000, kisha akaanguka. Nilikwenda kwa mwenyekiti wao mwaka 2019, baada ya msimu mzuri, na bahasha ya Sh420,000. Nilimwamkia, akanikaribisha barazani, akaleta daftari lao. Ni daftari kama langu, la kwaya mbili, limefunikwa na gazeti. Akafungua Desemba 2017, mwezi wa kuvunja kikundi na kugawana, akaniwekea kidole.

"Mwanangu, hii Sh420,000 haikuwepo. Tungefanyaje? Tuliikata kwa watu 24."

Nikapiga hesabu kichwani: Sh17,500 kila mmoja.

"Ndiyo bati," akasema. "Mwaka ule bati la geji 30 lilikuwa bei hiyo hapa kwetu. Kila mwenzetu alikosa bati moja."

Alisema bila kinyongo, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Lakini mimi nilibaki na picha ya mabati 24. Bati 24 ni paa la vyumba viwili na ukumbi. Kule kijijini, mwezi ule ambao sisi tulikuwa tunahangaika na mafuta ya kuendesha moyo wa mtu mmoja, paa zima liliondolewa juu ya watu ambao hawakuwa na ugonjwa wowote, wala hawakuwa ndugu zetu, wala jina la vali hawajawahi kulisikia. Liliondolewa bati moja moja, nyumba 24 tofauti, kwa hiyo hakuna aliyeliona likiondoka.

Tangu siku ile nikaanza kuuliza. Wale mabinti watatu wa ufundi: mmoja alipata fundi mwingine Lushoto, mmoja aliolewa, na mmoja alikwenda Dar kufanya kazi za ndani, akiwa amebakiza kujifunza kukata suruali tu. Shule mbili zilizokuwa zikipeleka sare kwa Zaituni zilihamia kwa mfanyabiashara anayeleta zilizoshonwa tayari kutoka mjini. Pesa ile ya Januari iliyokuwa inabaki Soni, ikilipa uzi kwa huyu na chakula kwa mama lishe yule, sasa inashuka mlima yote. Wapakizi wangu wanne walikosa vibarua vya msimu ule niliokosa mimi. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeingia kwenye hesabu ya hospitali yoyote. Kwenye vitabu vya serikali, mgonjwa ni mmoja, vali moja, msamaha mmoja.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9 mwaka 2019, yaani karibu mtu mmoja katika kila watatu waliokufa duniani mwaka ule. Zaidi ya robo tatu yao walikuwa nchi za kipato cha chini na cha kati, kama kwetu. Ukisikia hivyo unafikiria wazee, presha, kisukari. Ni kweli wengi ndio hao. Lakini moyo wa Zaituni ni wa aina nyingine, na nilijua aina hiyo kwa swali la sista mmoja pale Dar.

Alikuwa anajaza fomu. Akamuuliza mama, kwa upole, bila hata kuinua kichwa: "Mama, huyu utotoni aliwahi kuvimba magoti?"

Mama akasema hakumbuki. Mimi nilikumbuka.

Ilikuwa Julai, mimi nikiwa na miaka 13, yeye ana 8. Anayekaa Usambara anaijua Julai: ukungu unaingia mpaka ndani, nguo hazikauki, na watoto sita tunalala chumba kimoja, blanketi mbili, tunapumuliana. Zaituni alipata mafindofindo. Koo lilimuuma mpaka akawa anatema mate kuliko kuyameza. Mama alimpa maji ya chumvi, asali na ndimu. Jirani akashauri akatwe kilimi, baba akakataa. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu, na ilikuwa wakati wa kuvuna viazi. Baada ya siku chache koo likapoa lenyewe, tukasahau. Kama wiki mbili au tatu baadaye, goti la kulia likavimba, likawa jekundu na la moto. Kisha la kulia likapoa, likavimba la kushoto. Kisha kifundo cha mguu. Ninakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba mgongoni kwenda chooni. Mama alimsugua mafuta ya nyonyo. Tukasema ni baridi, na watu wazima wakasema anakua.

Ile ilikuwa homa ya baridi yabisi. Daktari alinieleza baadaye, kwenye korido, tukiwa tumesimama. Mafindofindo mengine huletwa na bakteria, na kinga ya mwili ikishajifunza kupigana na bakteria yule, kwa baadhi ya watoto inakosea, inageukia viungo na vali za moyo wenyewe. Viungo hupona. Vali hubaki na kovu, na kovu linaendelea kukaza polepole, miaka kumi, kumi na tano, mtoto anakua, anasoma, anacheza, anajifunza kushona, mpaka siku moja moyo unatakiwa kufanya kazi ya ziada. Kwa wanawake wengi siku hiyo ni ujauzito. Kwa hiyo ugonjwa huu hauwakuti watu wakiwa na miaka 70, wamelea na kujenga. Unawakuta wakiwa na miaka 20 na 30, wamekopa cherehani ya pili.

Kilichokuwa kinatakiwa Julai ile ni penisilini. Sindano moja ya benzathini, ile nyeupe nzito kama maziwa ambayo manesi wa zamani wanaiita Penadur, wakati wa koo lile. Na kama koo limepita na magoti yameshavimba, basi sindano hiyohiyo kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka, ili homa isirudi kuikwangua vali mara ya pili. Zaituni anachomwa mpaka leo. Mimi ndiye ninayenunua. Mara ya mwisho, dawa, bomba na maji ya kuchanganyia vilinigharimu Sh4,000.

Nimekaa na namba mbili kwa miaka: elfu nne ya sindano, na zile milioni kumi na nne na zaidi za hospitali na nyumbani. Mwanzo nilikasirika na umaskini wetu, na umbali wa zahanati, na viazi. Kisha nikajifunza kwamba zipo sehemu zilizolitenda jambo hili kwa makusudi likawezekana. Mkoa wa Pinar del Río kule Cuba, kati ya 1986 na 1996, walifundisha wazazi, walimu na wahudumu wa afya kutambua koo la namna hiyo, wakaweka orodha ya kila mtoto aliyewahi kuugua, wakahakikisha sindano haikosekani. Homa ile ikashuka sana, na gharama za kuitibu zikashuka nayo. Cuba haikuwa nchi tajiri miaka ile; miaka ya tisini ilikuwa na dhiki kubwa. Walikuwa na orodha na sindano.

Na Mei 2018, mwezi uleule ambao Zaituni alikuwa amelala kifua kimefunguliwa, Mkutano wa Afya Duniani kule Geneva ulipitisha azimio juu ya homa ya baridi yabisi na ugonjwa wa moyo unaotokana nayo. Nililisoma karibu mwaka mmoja baadaye, kwenye simu, nikiwa nimeegemea Fuso. Nilifurahi, kusema kweli. Nilihisi kuna mtu mahali fulani naye ana daftari.

Lakini ninachokiona hapa chini ni kwamba dawa ya bei ndogo haina mtetezi. Vali ya chuma inakatiwa utepe, inapigwa picha, na inastahili. Imemrudisha mdogo wangu. Sindano ya Sh4,000 haina sherehe. Ikikosekana zahanati kwa mwezi mmoja hakuna anayepiga kelele, kwa sababu mtoto aliyeikosa hatalia leo. Atalia baada ya miaka kumi na tano, mbali na hapo, na watakaolipa ni akina mama 24 kwa bati moja moja. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Ningependa wanaopanga bajeti hiyo wapitie kwanza kwenye madaftari ya VICOBA, kabla hawajasema kwamba kinga ni ghali.

Vali ya chuma inasikika. Chumba kikitulia unaisikia, tiki, tiki, kama saa ya ukutani iliyofungwa ndani ya kitambaa. Miezi ya kwanza mtoto alikuwa halali mpaka alazwe kifuani kwa mama yake, sikio pale kwenye kovu. Inataka warfarini kila siku ya maisha yake, damu isigande juu yake. Na warfarini inataka kipimo, kuona damu imekuwa nyepesi kiasi gani. Wanataka isome kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo damu inaweza kuganda, akapata kiharusi; juu sana, jeraha dogo tu linamwaga. Na mboga za majani zinaigusa dawa hiyo. Daktari alimwambia asiache mboga, ila ale kiasi kilekile kila siku, asile sufuria zima leo na kesho asile kabisa. Mimi nimelisha Dar es Salaam kabichi kwa miaka, na sasa mama anampimia mdogo wangu mchicha kwa kikombe.

Tena amekatazwa kubeba mimba nyingine bila kuzungumza nao kwanza, kwa kuwa dawa ile inaweza kumdhuru mtoto tumboni na kuiacha kunaweza kumdhuru yeye. Hilo sijaliandika kwenye daftari. Sijui liandikwe safu gani. Yeye na mumewe walilizungumza wenyewe, mlango umefungwa.

Mama nimemweleza mwaka jana tu. Miaka yote alikuwa anauliza ugonjwa huu ulitoka wapi, kwao haupo, kwa baba haupo, na mimi nilikuwa nakwepa kwa kuogopa atajihukumu. Safari hii aliuliza tukiwa wawili, tunachambua maharage, nikaona nimechoka kumficha mtu mzima habari za mtoto wake. Nikamwambia habari ya koo, na magoti, na sindano. Akaendelea kuchambua. Kisha akauliza, "Sindano yenyewe ilikuwa shilingi ngapi?"

Nikamwambia ya leo ni elfu nne, ya siku zile sijui, lakini ilikuwa ndogo.

Akaweka ungo chini. Akafungua pindo la kanga yake, lile fundo analowekea pesa za chumvi na kiberiti, akahesabu zilizomo, mbele yangu, noti moja moja. Zilikuwa elfu nne na mia tano. Akafunga tena, akavuta ungo. Maharage aliyoyatupa jioni ile, mengi yalikuwa mazima.

Wiki hiyohiyo alianza kwenda nyumba kwa nyumba. Hana elimu ya afya, ana habari ya mtoto wake tu. Mtoto akikaa na koo na homa, anamwambia mama mwenzake amwinue, ampeleke. Akisikia goti limevimba, hangoji kuambiwa, anakwenda naye mwenyewe mpaka zahanati. Sina namba ya kuonyesha amezuia nini, na huenda nisiipate kamwe. Koo lililopona haliandikwi popote.

Mdogo wetu wa mwisho alisoma QT, mtihani wa maarifa wa walio nje ya shule, akafaulu, akaendelea kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alichelewa miaka mitatu. Shemeji ana pikipiki nyingine ya mkataba. Amebakiza miezi minne. Zaituni ana cherehani moja, ile ya kwanza, nyumbani, anashona asubuhi na kupumzika mchana, na amemchukua binti mmoja wa kumfundisha.

Safari za kipimo cha damu zilikuwa zinatula sana. Nauli ya kwenda na kurudi Tanga, kipimo, dawa za mwezi, jumla zilikuwa zinafika Sh48,000, na mwezi ukiwa mbaya alikuwa anaruka bila kutuambia. Nilipogundua nilitafuta wateja Tanga, soko dogo kuliko Kariakoo na bei yake ya chini kidogo, lakini ninapeleka mzigo mara moja kwa mwezi kwa tarehe ya kliniki yake. Nauli imekufa. Dereva anamshusha getini, anakwenda kupakua, anampitia wakirudi.

Alhamisi hii tunashuka tena. Tenga 40 za karoti, 15 za kabichi, na Zaituni kiti cha mbele, dirishani, na daftari nimempa yeye alishike.